Ukumbi wa Parokia na Sauti za Vijana



Wapendwa waumini, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni maigizo ya vijana wetu. Tuseme mapema msimamo wetu: kijana anayepewa kisa kizima cha kuimba na kuigiza mbele ya wazazi wake hukua katika imani, na parokia isiyompa nafasi hiyo hujinyima yenyewe.

Tulipokuwa ziarani Uingereza, marafiki waliotukaribisha walitupeleka jioni moja kutazama mchezo wa nyimbo ulioigizwa na vijana wa umri wa sekondari, akiwemo binti yao. Ulikuwa ule wa Yusufu na kanzu yake ya rangi nyingi, uliotungwa na Andrew Lloyd Webber na Tim Rice. Leo mchezo huo unajulikana duniani kote, lakini uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1968 na wavulana wa shule moja ya London, kwa ombi la mwalimu wao wa muziki, nao ulikuwa mfupi sana.

Katikati ya mchezo, kijana aliyekuwa Yusufu alisahau maneno. Ukumbi ukawa kimya. Ndipo ndugu zake, wale wale waliokuwa wamemtupa shimoni na kumwuza, wakaanza kumwimbia taratibu mpaka akaushika tena wimbo. Wazazi hawakucheka, walingoja. Ni mahubiri gani juu ya msamaha yangewaingia vijana wale kuliko dakika ile?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wenye fedha. Historia ya Meru inakataa. Hapa Tengeru, kuanzia mwaka 1942, waliishi wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliong'olewa makwao na vita. Hawakusubiri utajiri: walikuwa na kanisa na shule, na vijana wao waliimba na kuigiza. Miaka hiyo hiyo, katika mji wa Krakow, kijana Karol Wojtyła aliigiza kwa siri na wenzake majumbani mwa watu, chini ya utawala wa Kinazi. Huyo ndiye Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Watanzania mwaka 1990 akafika hadi Moshi, na ambaye mwaka 1999 aliwaandikia wasanii barua akiutambua wito wao.

Sasa tujitazame. Vijana wetu wa Sakina, Kijenge na Usa River hawapungukiwi sauti wala kipaji. Kila Noeli watoto huigiza kuzaliwa kwa Bwana, na kila Ijumaa Kuu vijana huibeba Njia ya Msalaba. Lakini kwingi, sikukuu zikipita, huitwa tu kumwimbia mgeni rasmi nyimbo mbili, kisha huombwa wapishe meza za chakula. Jumamosi ukumbi umekodishwa kwa harusi, nao hufanya mazoezi chini ya mti mpaka mvua iwatawanye.

Tunajua kodi ya ukumbi hulipa umeme na posho za makatekista. Tunajua pia hofu ya wazazi juu ya mitihani. Hata hivyo, fedha ya Jumamosi moja yaweza kuchangwa na jumuiya zetu ndogo ndogo. Kijana aliyeondoka kwa kuona hana mahali kwetu harudishwi kwa mchango.

Kwa hiyo tunapendekeza Halmashauri ya Walei ijadili haya: ukumbi uwe wa vijana Jumamosi moja kila mwezi, bila malipo, nao waandae kisa kimoja cha Maandiko Matakatifu, kwa Kiswahili chao na ngoma zao, kioneshwe wakati wa likizo ya Juni. Nanyi wazazi, siku hiyo njoni, zimeni simu, mkae mpaka mwisho. Akisahau maneno, mngojeni.

Mungu awabariki nyote.