Mpeni Kipaza Sauti Ambaye Bado Hajapona

Katika makanisa mengi ya udongo na turubai yaliyotapakaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukifika wakati wa ushuhuda, watakaosimama unaweza kuwataja kabla hawajainuka. Atasimama aliyepigiwa simu kuitwa kwenye mahojiano ya kuhamia Marekani au Kanada. Atasimama aliyetumiwa pesa na ndugu yake aliyeko ng'ambo. Vigelegele vitapigwa, kinanda kitaitikia, na mchungaji atasema: huyu aliamini. Mama aliyempakia mtoto kwenye bodaboda hadi kituo cha afya cha Rwekubo, akaandikiwa rufaa ya kwenda Mbarara, akalala chini ya kitanda cha wodini mpaka nauli ya kurudi ikaisha, na mtoto hadi leo anaumwa, atabaki ameketi. Hakuna aliyemkataza kusimama. Amefundishwa tu kwamba hana ushuhuda.

Mafundisho hayo nayapinga kwa moyo wangu wote. Tunaambiwa, kwenye mikesha ya kambini na kwenye mikutano ya mjini, kwamba shida ni dalili ya Mungu kukuacha, au laana ya ukoo ambayo haijavunjwa, au sadaka ya mbegu, ile ya kupanda ili uvune baraka, ambayo umeizuia. Hiyo si Injili. Mtu amekimbia Masisi au Rutshuru, mashariki mwa Kongo, usiku, amezika njiani, amefika hapa na jerikeni moja, halafu tunamwambia kasoro ni yake. Tunamtwika mzigo wa pili wakati wa kwanza hajautua.

Yapimeni mafundisho hayo kwa yaliyotokea. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wameshapimwa afya na kusubiri tarehe ya ndege wakakwama. Mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), kwa kupungukiwa fedha, liliwaondoa takriban wakimbizi milioni 1 nchini Uganda kwenye mgao wa chakula. Je, hao wote kwa pamoja waliishiwa imani? Amri ya kusimamisha safari zile ilitiwa saini Washington, wala aliyeitia saini hakuuliza nani wa Nakivale amefunga siku ngapi.

Sisi wa kusini-magharibi mwa Uganda ndio hatuna udhuru kabisa, kwa sababu tuliwahi kufundishwa vingine. Uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ulitoka Gahini, Rwanda, ukafika Kabale katika miaka ya 1930, ukaenea hadi Ankole. Katika ushirika wao, kutoa ushuhuda kulikuwa kusimama na kusema pale ulipoanguka: wivu ulio nao, ulichoiba, uliyekosana naye, na jinsi Yesu alivyokukuta hapohapo. Walikuwa na ukali wao, na baadhi walipenda mno kupekua dhambi za wenzao. Lakini hawakungoja mambo yanyooke ndipo wamtaje Mungu. Aliyevunjika ndiye aliyeanza kusema. Makanisa yetu yarudishe desturi hiyo: kipaza sauti apewe ambaye bado hajapona, naye aeleze alivyoomba wodini usiku wa manane bila mtu kumkatiza kwa unabii.

Uamsho huohuo ndio uliomlea Festo Kivengere, askofu wa Kigezi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Askofu akawa mkimbizi. Kutoka huko ukimbizini alitoa, mwaka huohuo, kitabu chake I Love Idi Amin, juu ya kumsamehe aliyemfukuza. Kwa kipimo kinachotumika leo kambini, Luwum na Kivengere walishindwa: mmoja aliuawa, mwingine alipoteza makao. Lakini Uganda yote hupumzika kila tarehe 16 Februari kumkumbuka Luwum.

Hata katika Biblia, Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, na mwiba ukabaki. Alichoahidiwa ni neema ndani ya udhaifu uleule. Ayubu alizungukwa na marafiki waliomtafutia dhambi iliyomponza, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea wao, si yeye.

Najua nitajibiwa kwamba nawafundisha wakimbizi kuridhika na njaa. Sivyo. Njaa ni njaa, na mtoto anayelala bila kula ametendewa uovu. Tena anayemfariji aliyekata mgao si mimi. Ukishasema chanzo cha njaa ni imani haba ya mwenye njaa, basi wafadhili, serikali na sisi majirani tumesamehewa sote kwa mkupuo. Lakini ukiamini kwamba Kristo yuko na huyo anayelala njaa, huwezi kumpita. Wanawake wa kikundi cha maombi wanaokwenda kulima shamba la mwenzao aliyelazwa Mbarara, kisha wanawapikia watoto wake uji, wamelielewa hili kuliko manabii wengi wenye mabango. Hawamuulizi amekosa nini. Wanashika majembe.

Kwa hiyo, watumishi wa Mungu mliokusanya sadaka za mbegu kwa ahadi ya ndege, ndege haikuja. Warudishieni watu pesa zao, hadharani, mbele ya kanisa lilelile lililoziona zikitolewa.