Namba Iliyookotwa Baharini



Yuko samaki katika bahari yetu aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani, naye hana madhara kwa mwanadamu. Wavuvi wa Mafia humwita potwe. Huku kwetu Kenya hujulikana kwa jina la papa shilingi, kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake. Wazee husimulia kwamba alipokwisha kuumbwa alipendeza mno, hata akamwagiwa shilingi za fedha.

Shilingi hizo leo zimekuwa ushahidi wa wataalamu, kwani hakuna potwe wawili ambao madoa yao yamepangika namna moja. Mwaka 1986 mwanafalaki Edward Groth alitunga kanuni ya hesabu ya kulinganisha orodha za nyota kwa kupima pembetatu zinazofanywa na nyota tatu tatu. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba kanuni hiyo yafaa pia kwa madoa ya potwe. Tangu hapo picha ya mzamiaji wa Mafia yaweza kulinganishwa na ya mgeni aliyeogelea Msumbiji. Kufikia mwaka 2014 maktaba moja ya pamoja ilikuwa imepokea habari kutoka nchi 54, na potwe wapatao 6,000 wakatambuliwa mmoja mmoja. Hapana mtaalamu mmoja, hata awe na umri mrefu namna gani, ambaye angeyakusanya hayo peke yake.

Lakini jicho lina mpaka wake. Kule Kilindoni, Mafia, potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari wakifuata uduvi, kisha huadimika. Ilidhaniwa kwamba huhama. Watafiti wakawafunga vifaa vidogo vya kutoa mlio usiosikika na binadamu, na chini ya maji wakaweka vinasa sauti. Mwaka 2015 walichapisha walichokipata: wengi wa samaki hao hawakuwa wamehama, bali walijitenga mbali kidogo na macho ya watu.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mlio wa kifaa kile haubebi jina la mtu wala la nchi; wabeba namba tu. Samaki aliyefungwa kifaa na mtafiti wa nchi moja akipita karibu na kinasa sauti cha mtafiti wa nchi nyingine, namba yake itaandikwa kule ugenini. Namba hiyo ni kama kitu kilichookotwa njiani: aliyekiokota hajui cha nani, na mwenyewe hajui kilipo. Wasipoulizana, safari nzima ya kiumbe yule imepotea, ingawa nusu ya habari i mkononi mwa huyu na nusu i mkononi mwa yule.

Faida ya kuulizana ilidhihirika mwaka 2022. Wataalamu wapatao 50 kutoka nchi 18 waliziunganisha nyendo za potwe karibu 350 zilizofuatiliwa kwa satelaiti, wakazipambanisha na njia za meli kubwa. Walikuta kwamba asilimia 92 ya eneo la bahari linalotumiwa na potwe hao huingiliana na njia za meli. Tena ishara za vifaa zilikatika mara nyingi zaidi penye msongamano wa meli, na baadhi ya vifaa vilionyesha samaki akizama polepole mpaka sakafu ya bahari. Potwe hupenda kukaa karibu na uso wa maji, na akigongwa akafa huzama; ndiyo maana maiti yake haionekani. Kifaa kimoja kikinyamaza, mtafiti husema labda kimeharibika. Vingi vikinyamaza mahali pa namna moja, hapo ndipo sababu hujulikana.

Ndugu zetu walioko Entarara na sehemu nyingine za Kajiado wanaijua habari hii kwa sura ya bara. Nyumbu wa mbuga ya Nairobi walizoea kutoka wakati wa mvua kwenda nyanda za Kitengela, na kurudi wakati wa kiangazi. Ua likijengwa njiani, kila mpita njia huliona. Ua la baharini halionekani mpaka watu waunganishe walichonacho.

Hata hivyo, wenye kusita wana hoja zao. Mtafiti aliyekesha miaka chomboni huchelea kwamba mwingine atakichuma alichokipanda yeye. Tena habari ya mahali alipo mnyama ni silaha mikononi mwa mjangili: mwaka 2013 huko India palitokea jaribio la kuingia kwa hila katika barua pepe yenye habari za chui milia aliyevishwa kola. Kwa hiyo kushirikiana hakumaanishi kuanika kila kitu hadharani. Ni kukabidhiana amana: mwenye kutoa atajwe, na kinachoweza kumdhuru kiumbe kifichwe.

Katika amana hiyo mvuvi pia ana fungu lake. Kule Watamu, wavuvi ambao nyavu zao zimenasa kasa kwa bahati mbaya hutoa habari kwa wahifadhi, kasa akapimwa, akatiwa kibati chenye namba, akarudishwa baharini. Habari hiyo imeanzia mkononi mwa mvuvi, na ni haki yake aambiwe ilifika wapi. Mara nyingi habari hutoka kwetu ikaenda ng'ambo kwa lugha tusiyoisoma, na hairudi.

Basi, ukikutana na potwe usimguse wala usimfukuze. Ukiweza, mpige picha ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, ndipo madoa yasomwapo. Ukiokota kibati chenye namba, usikitupe. Kipeleke kwa maafisa wa uvuvi au wa wanyamapori walio karibu nawe. Na ukishakipeleka, usione haya kuuliza: mnyama huyu alitoka wapi, na ni nani mwingine aliyemwona?