Barua ya wazi: hesabu ya ethanoli ianzie shambani

Kwa Msimamizi Mkuu, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Des Moines, Iowa, jimbo ambako zaidi ya nusu ya mahindi huishia kwenye viwanda vya ethanoli ya kuchanganya na petroli. Wenzetu wanaofika huku kutoka Kongo huuliza kwanza: mahindi yote haya anakula nani? Si ya ugali haya, wala si ya kuchoma.

Tuwe waadilifu. Gunia la kilo 90 hutoa takriban lita 38 za ethanoli, na karibu theluthi ya uzito wake hubaki machicha ya kulishia mifugo. Ila lita hizo 38 zina nguvu ya lita 25 hivi tu za petroli, tena kuzipata kumekula gesi ya kiwandani, dizeli ya trekta na mbolea. Marehemu David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell alishikilia kwamba biashara hii ni hasara tupu ya nishati. Kwa viwanda vya leo naona alizidisha. Faida ipo, ingawa ni nyembamba.

Ugomvi wenyewe uko ardhini. Utafiti ulioongozwa na Tyler Lark, uliotoka 2022, ulikadiria kwamba ukihesabu ardhi iliyolimwa upya, kaboni ya ethanoli huizidi ya petroli kwa angalau asilimia 24. Wataalamu wa maabara ya Argonne wameupinga vikali.

Lakini sheria ya nishati ya 2007 ilishaliona jambo hili la ardhi mpya: mahindi ya mafuta yasitoke kwenye ardhi iliyofyekwa baada ya Desemba mwaka huo. Ninyi, kwa kanuni zenu za 2010, hamkagui shamba kwa shamba. Mnajumlisha mashamba ya nchi nzima, na jumla isipopita ekari milioni 402, kila punje ni halali. Mtu akiuza shamba la zamani lijengwe nyumba, mwingine akapasua nyasi za asili Dakota Kusini, jumla yenu haisogei. Kaboni iliyolala chini ya nyasi zile imeshapanda hewani.

Mbolea nayo hushuka mtoni. Juni 2025 tulikatazwa kumwagilia nyasi za uani, maana naitreti katika mito ya Raccoon na Des Moines iliielemea mitambo ya kusafisha maji. Ethanoli haikufanya hayo peke yake. Mashamba ya nguruwe nayo yana lao.

Tangu 2023 viwango vya kila mwaka vya mafuta ya aina hii mnavipanga ninyi, na cha mahindi kimekaa karibu na galoni bilioni 15. Kabla ya kupanga vingine, daini kumbukumbu za kila shamba. Wizara ya Kilimo tayari ina ramani za satelaiti zinazoonyesha kila mwaka zao gani limepandwa wapi. Mahindi ya ardhi mpya yauzwe, yalishwe ng'ombe, lakini galoni zake zisipewe hati ya nishati jadidifu.

Wako,
Mkazi wa Des Moines