Kadi ya Bibi Haipandi Bajaji

Wiki hii mwenzenu sina hata hela ya soda. Jumatatu goti la bibi yangu, mwenye miaka 74, liligoma kabisa. Kadi ya matibabu ya bure anayo, ile ya wazee wa 60 kwenda juu wasio na uwezo. Basi nikajua mfukoni niko salama. Thubutu! Kutoka Mbagala mpaka hospitali mwenye bajaji kanitajia Sh 15,000, kurudi vilevile. Daladala? Jaribuni nyie kumpandisha bibi saa moja asubuhi, watu wanaingilia madirishani!

Kwenye dirisha la wazee tulipishwa fasta, wala hatukudaiwa senti. Daktari akasema bibi arudi kila wiki, mara sita. Nikapiga hesabu: Sh 180,000, usafiri tu! Mama mjamzito akizidiwa anapiga 115, huduma ya m-mama inamtafutia gari bure, na ni haki yake. Sasa bibi aliyemzaa mama yangu apige namba gani?

Nilipomweleza, akacheka: "Mume wangu, hicho kisimu chako si kinauzika?"

Jumatatu ndiyo hiyo inakuja.