MAONI: Mpira wa kupumulia usitolewe kwa sababu pesa zimeisha

Mzee mmoja alinisimamisha kwenye mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi, kofia mkononi. «Mama, sema ukweli. Mtoto anapumua mwenyewe ao ni mashini tu?» Nilimjibu kwamba anaanza kupumua mwenyewe, lakini mashini bado inamsaidia. Akatikisa kichwa. «Basi mtoe huo mpira. Shamba tumeshauza, na hapa tunalipa kila siku.»

Mtoto huyo ni wa ndugu yake, kijana motari aliyeanguka bila kofia ngumu na kugonga kichwa. Ilikuwa siku ya tisa. Mimi ni muuguzi, na maneno ya mzee yule nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa sababu kwetu mashariki mwa nchi, kuanzia Butembo hadi Bukavu, pikipiki ndiyo gari la kila mtu.

Familia nyingi zinafikiri kwamba mtu akianza kuvuta hewa mwenyewe, kazi imekwisha. Kwa mgonjwa wa mapafu, mara nyingi ni karibu na kweli. Kwa aliyeumia ubongo mambo ni mengine. Mapafu yake yanaweza kuwa mazima kabisa. Kinachokosekana ni mlinzi wa koo: kukohoa, kumeza mate, kuzuia ulimi usianguke nyuma. Ukimtoa mpira kabla mlinzi huyo hajarudi, mate yanaingia mapafuni. Tena akipumua kidogo kidogo, hewa chafu inabaki katika damu, mishipa ya ubongo inatanuka, na ubongo uliokwisha kuvimba unabanwa zaidi ndani ya fuvu.

Nimewahi kuona mgonjwa aliyetolewa mpira Ijumaa jioni kwa sababu familia haikuwa na kitu tena. Usiku ule muuguzi alikuwa mmoja kwa vitanda sita, na umeme ulikatika, kwa hiyo hata mashini ya kuvuta mate haikufanya kazi. Hakufika asubuhi. Katika daftari tuliandika kwamba alikufa kwa jeraha la kichwa. Mimi sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu yote.

Lakini nisiwalaumu wenye kulipa peke yao. Sisi watu wa hospitali tuna kosa letu, nalo ni kungoja. Tunasema «bado hajaamka vizuri», siku inapita, kesho tunarudia maneno yale yale. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 136 wa ubongo. Wale waliokuwa tayari kutolewa mpira lakini wakacheleweshwa, wengi kwa sababu ya fahamu iliyopungua, walipata homa ya mapafu zaidi na wakakaa hospitali muda mrefu zaidi. Kwetu kila siku ya kungoja ni mbuzi mwingine anayeuzwa.

Basi nani aamue? Wala mfuko wa familia, wala woga wa daktari. Aamue mgonjwa mwenyewe, kwa dalili zake. Kila asubuhi dawa ya usingizi ipunguzwe ikiwa shinikizo la ubongo limetulia. Halafu mashini iache kumsukumia hewa kwa nusu saa, hata saa mbili, muuguzi akiwa pembeni anahesabu pumzi. Aangalie kama anakohoa mrija wa kuvuta mate unapomgusa, na mara ngapi kwa saa anahitaji kuvutwa mate. Mwaka 2017 Karim Asehnoune na wenzake nchini Ufaransa walionyesha dalili nne zinazosaidia: umri chini ya miaka 40, macho yanayofuata kitu, kujaribu kumeza, na kipimo cha fahamu cha Glasgow kinachopita 10. Kati ya wenye tatu au zaidi, karibu tisa kwa kumi walifaulu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji skana. Zinahitaji macho na mtu mwenye nafasi ya kuangalia.

Na hata ukifuata yote, unaweza kukosea. Uchunguzi uliofanyika katika nchi 18 na kutolewa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu mmoja kwa watano alishindwa ndani ya siku tano baada ya kutolewa mpira. Ndiyo maana familia iambiwe mapema kwamba huenda ukarudishwa, au kwamba koo litatobolewa kidogo kwa mbele. Wengi wanakataa neno hilo, wanaona ni kuchinja. Tukiwaeleza siku ya tatu wanasikia. Tukingoja siku ya kumi na tano, wanatukimbia.

Mwaka 2023 serikali ilianzisha huduma ya bure ya uzazi. Ni jambo jema, na wanaosema haiwezekani kufanya zaidi wangetembelea chumba chetu. Mimi naomba kidogo tu: hospitali ziache kuhesabu mashini kwa siku, ziweke bei moja kwa mgonjwa mzima, ili siku ya tisa isiwe siku ya kuamua kwa kuhesabu pesa. Na mpira usitolewe jioni wala mwisho wa juma, ila kukiwa na mtu wa kukesha naye.

Yule mzee tulimwomba siku mbili. Alinung'unika, akakubali. Siku ya kumi na moja asubuhi shangazi wa kijana alipita mbele ya kitanda na kitenge chake cha manjano, na macho ya kijana yakamfuata hadi dirishani. Alipumua nusu saa bila kuchoka. Tukamtoa mpira saa nne, akakohoa kwa nguvu hadi mzee akashtuka huko nje.

Sasa anakula uji. Mzee bado anatafuta mtu wa kununua pikipiki, maana deni la hospitali halijaisha.