Joto tunalolitupa ndilo tunalolihitaji

Mtambo mdogo unaokusanya jua kwa vioo, ukachemsha kimiminika na kuzungusha jenereta, kwa kawaida hugeuza kuwa umeme chini ya asilimia 10 ya jua linaloupiga. Paneli ya sola inayouzwa Kariakoo hukaribia asilimia 20 au kuzidi, haina kinachozunguka, na bei yake imeporomoka. Ndiyo maana wengi wameshaufuta mtambo wa joto katika mipango yao, huku watetezi wake wakirudia ahadi ile ile kwamba joto likipandishwa, ufanisi nao utapanda. Naona pande zote mbili zinang'ang'ania kipimo kisichofaa.

Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kuwa uwezo wa injini ya joto hutegemea jotoridi la mahali joto linapoingilia na la mahali linapotokea. Mtambo unaopokea joto la nyuzi 150 za Selsiasi na kulitupa kwenye nyuzi 30 hauwezi kuvuka asilimia 28, hata ukiundwa na malaika. Injini halisi za kilowati chache huambulia kama theluthi ya hapo, kwa kuwa msuguano, mivujo na pampu huila mashine ndogo kuliko kubwa. Kwenye nyuzi 250 kikomo hicho hupanda hadi asilimia 42. Inavutia, ila bomba linalopokea mwanga wa vioo kadiri linavyozidi kuwa moto ndivyo linavyozidi kumwaga joto hewani, na kulizuia kunadai mirija yenye ombwe, vioo vinavyolifuata jua bila kukosea na mafuta maalumu. Mitambo ya Noor huko Ouarzazate, Moroko, inamudu hayo kwa sababu gharama inagawanywa kwa mamia ya megawati. Mtambo wa kilowati tano wa kituo cha afya haumudu, na sioni kwa nini tuulazimishe.

Tuangalie upande wa pili wa injini. Tuseme vipande 100 vya jua vimepiga vioo, 60 vikaingia kwenye bomba kama joto, na injini ikatoa 6 vya umeme. Vilivyobaki, karibu 54, hupozwa na kupotea, na jengo lile lile linalofaidi ule umeme huenda linachoma kuni kupata maji ya kufulia mashuka. Ufanisi mkubwa umelala hapo. Huko Lesotho, wahandisi waliotokea chuo cha MIT cha Marekani waliifuata njia hii walipojenga mtambo wa kilowati chache kwa kliniki ya kijijini: kompresa ya kiyoyozi iliyoendeshwa kinyumenyume ikawa injini, na mtambo ukatoa umeme na maji moto kwa pamoja. Kompresa ya namna hiyo fundi majokofu wa mjini anaijua, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya tabo ya mvuke.

Mhandisi makini atapinga: ukitaka maji ya nyuzi 70 kutoka kwenye kipozeo, itabidi joto litupwe kwenye nyuzi 75 badala ya 30, na kikomo cha Carnot kitashuka kutoka asilimia 28 hadi 18. Ni kweli. Vipande 6 vya umeme vitakuwa karibu 4. Lakini kwa kupoteza viwili tumepata zaidi ya 50 vya joto linalotumika. Pingamizi zito zaidi ni la paneli zenyewe: kwa nini zisiendeshe pampu ya joto, mashine inayotoa vipande vitatu vya joto kwa kimoja cha umeme? Kwa maji ya kuogea, nakubali, mashindano hayo ni magumu. Mvuke wa nyuzi 121 wa kuua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji ni habari nyingine, maana kadiri joto linalotakiwa linavyopanda ndivyo pampu hiyo inavyopoteza faida yake, wakati vioo hufika huko bila shida. Tena joto la kutumia usiku huhifadhiwa kwenye tangi la maji lililofungwa vizuri, kitu ambacho fundi wa mtaani anaweza kukichomelea.

Mahali napo pana uzito. Viwanda vya chai hutumia kuni nyingi, na kwa haraka vingeonekana ndivyo vya kuanzia, ila chai hupenda mawingu na vioo vya kukusanya jua huhitaji mwanga wa moja kwa moja. Pwani nako kuna unyevu na utando angani. Dodoma na Singida zina jua kavu, zina hospitali zenye dobi, na zina ng'ombe ambao maziwa yao yanahitaji nyuzi 63 kwa dakika 30 ili yawe salama. Vumbi la huko litavichafua vioo, na asiyetenga bajeti ya mtu wa kuvifuta asivinunue.

Kinachotakiwa kubadilika mapema ni tangazo la zabuni. Likiuliza kilowati za umeme peke yake, paneli zitashinda, na kwa haki. Liulize pia kilo ngapi za mvuke kwa siku, lita ngapi za maji na kwa nyuzi ngapi, kisha bei zilinganishwe kwa jumla hiyo. Jengo lisilotumia maji moto wala mvuke linunue paneli na kuachana na vioo.