Si Visima na Mitaro Tu

Imeenea katika nchi yetu ya Tanzania itikadi, nayo hukaririwa na wasomi na wasio wasomi kwa yakini moja, kwamba haki za wanawake ni shauri la Katiba, la Bunge na la mahakama kubwa, na kwamba serikali za vijiji na halmashauri za wilaya ziliwekwa kwa ajili ya visima, mitaro, madawati na ushuru wa masoko. Diwani akiulizwa amefanya nini juu ya dhuluma wanayotendewa wajane wa kata yake, aghalabu hujibu kwamba jambo hilo ni la kitaifa, na wanaomsikiliza huridhika. Naipinga itikadi hii kwa nguvu zangu zote, maana naiona kuwa ni maficho: humwondolea lawama mtu anayeishi jirani na dhuluma, na kuwatwika watu walio mbali ambao hawataiona kwa macho yao.

Tuitazame ardhi, kwa kuwa katika nchi ya wakulima mwenye shamba ndiye mwenye kauli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliibatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Ikaiagiza halmashauri ya kijiji iyapokee maombi ya mwanamke kwa masharti yale yale ayapatayo mwanamume. Tena ikaweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wao wawe wanawake. Kwa hayo Bunge lilitimiza faradhi yake. Lakini ni nani aishikaye sheria hiyo mkononi siku ya kazi? Si waziri wala jaji. Ni mtendaji wa kijiji aliyeketi na kalamu mbele ya fomu ya hakimiliki ya kimila, ambaye akiandika jina la mume peke yake mahali palipostahili majina mawili, amemtoa mke katika shamba alilolilima tangu ujana wake, bila ya kesi, bila ya kelele, na bila ya mtu yeyote kujua kwamba sheria imevunjwa. Ni kamati ya upimaji ipitayo mipakani ikiuliza mwenye shamba ni nani, ikajibiwa na mwanamume aliyepo ilhali mwanamke alimaye yuko mtoni anateka maji, na jibu lile likaandikwa kuwa ndiyo haki.

Mume akifa, mambo huzidi. Ukoo hukaa kikao, muhtasari huandikwa, barua huombwa kwa mtendaji, muhuri hupigwa, kisha mahakama ya mwanzo humteua msimamizi wa mirathi kwa kuyategemea makaratasi hayo. Mara ngapi mjane husikia habari ya kikao kile baada ya kwisha, akiwa bado ndani ya eda! Mtendaji mwenye insafu, kabla ya kuinua muhuri wake, angeuliza: mjane yuko wapi, na saini yake i wapi? Swali hilo halihitaji fedha wala marekebisho ya Katiba, nalo lingeweza kuzuia dhuluma ambayo baadaye hata mawakili hushindwa kuitengua.

Watu wa itikadi ninayoipinga hutaja hukumu ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu mjini Mwanza. Bibi mmoja wa mkoa wa Kagera aliyerithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, alishitakiwa na jamaa yake wa kiume kwa hoja kwamba mila inamkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji akaamua kwamba bibi huyo ana haki sawa na ya mwanamume. Ilikuwa hukumu adhimu, nami naiheshimu. Walakini baada yake wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walitolewa katika nyumba za waume zao kwa jina la mila, Mahakama Kuu mwaka 2006 ikakataa kuifuta sheria ya mila ya mirathi, na shauri lao likafika hata kwa kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa wamedhulumiwa. Sikatai kwamba sheria za mirathi zingali na kasoro ambayo Bunge peke yake laweza kuiondoa. Nasema tu kwamba kutoka kijijini hadi Geneva ni safari ndefu mno kwa mtu aliyefukuzwa nyumbani, na kwamba kila mjane wa namna hiyo alipita kwanza mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ambaye angeweza kusema neno.

Wako wasemao kwamba mila ni nzito na viongozi wa vijiji nao ni wana wa mila. Ni kweli, na ndiyo sababu neno lao lina uzito kuliko la mgeni atokaye mjini na semina ya siku mbili. Wengine huona kwamba madiwani wa viti maalumu wametosha kuleta usawa. Kuwapo kwao ni neema. Lakini kiti hakijazi fomu, wala hakipigi muhuri.

Halmashauri ya wilaya inashika pia mfuko. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, sheria inailazimisha kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya marejesho mabaya na vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024. Waliolala njaa kwa makosa ya vikundi hewa ni mamantilie na wauza mboga wa kweli, na uhakiki wa vikundi ulikuwa ni amana ya halmashauri zenyewe. Kadhalika soko lisilo na choo wala taa ni uamuzi wa halmashauri, nao humwangukia zaidi mwanamke afikaye alfajiri na kuondoka magharibi.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Basi na isomwe pamoja nayo idadi ya hati za ardhi zilizotolewa kwa jina la mwanamke, idadi ya zile zenye majina mawili, malalamiko ya wajane yaliyopokewa, na yaliyokatwa shauri. Na mkutano huo uitishwe saa ambayo wanawake hawako kisimani wala jikoni, wakae pasipo nyuma, na mtendaji asiteremke jukwaani mpaka maswali yao yameisha.